Jino Lililonyamaza

Siku niliyokabidhi funguo za chumba cha meno, vijana wa hospitali waliniandalia chai na maandazi, wakanitaka niseme neno. Nilisema machache. Nimezoea kufungua midomo ya watu, si wangu. Baadaye yule kijana aliyepokea chumba akanifuata nje akaniambia, "Mama Somoe, yale unayotusimulia tukisubiri vyombo vichemke, yaandike. Sisi tutasahau." Haya, nayaandika. Vyeo sitavitaja, vilichelewa kuja, na vilipokuja havikubadilisha chochote ndani ya kinywa cha mgonjwa. Mshahara nao mnaujua, maana wenu haujapishana sana na wangu.

Mimi ni mtoto wa Kivinje. Uhuru ulinikuta msichana wa kufagia wodi na kufua bandeji, na nilidhani nitafagia mpaka niolewe. Mwaka uliofuata, msaidizi wa chumba cha meno akahamishwa, na asubuhi moja nikaambiwa niache ndoo, niende chumba cha mwisho karibu na stoo nikamsaidie Bwana Kosmas.

Bwana Kosmas alikuwa Mmatumbi wa milimani, Mkatoliki, mrefu na mwembamba, aliyejifunza kazi jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi hadi mstari wake ungeweza kukata mkate. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama.

"Umekula?"

"Bado, Bwana."

"Nenda ukale. Anayefanya kazi hii na njaa huanguka kabla ya mgonjwa."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kwanza, na mpaka leo sijapata mengine yaliyo kweli kuliko hayo. Nilikula mihogo ya kuchemsha kwa mama mmoja pale getini, nikarudi.

Kwa muda mrefu hakuniruhusu kugusa koleo la kung'olea. Kazi yangu ilikuwa stovu ya mafuta ya taa, sufuria ya kuchemshia vyombo, shashi za kukata na kukunja, na ndoo ya kutemea, ambayo sitaieleza zaidi kwa heshima ya msomaji. Sindano zilikuwa za kioo, na ncha zake tulizinoa wenyewe kwa jiwe laini. Tulikuwa na kioo kidogo cha mdomoni kilichopasuka pembeni. Kila mgonjwa alijiona ana ufa kwenye jino. Kiti hakikuwa kile mnachokijua ninyi, cha kupanda na kushuka. Kilikuwa kiti cha mninga chenye mgongo mrefu, kimesukumwa ukutani ili mgonjwa asipate pa kurudi nyuma.

Kabla ya koleo alinifundisha shingo. Mgonjwa akiingia, nilitakiwa nipapase chini ya taya, pande zote mbili, nitafute tezi. Kisha nimuulize kama ana homa, kama anameza vizuri, kama anahema akipanda mlima, kama ni mwanamke basi ana mimba, na kama utotoni aliwahi kuugua kitu kirefu. Hapo ndipo niseme, "Fungua mdomo."

Nikamuuliza kwa nini tunapoteza muda hivyo wakati mtu ameshika shavu na jino lenyewe linaonekana.

"Jino halikuja hapa peke yake," akasema. "Limeletwa na mtu. Ukimjua mtu ndipo utajua la kufanya na jino lake."

Jino langu la kwanza lilikuwa la mkulima wa korosho kutoka upande wa Pande. Alikuwa amelitibu mwenyewe kwa mafuta ya ganda la korosho, kama wengi walivyofanya. Mnayajua mafuta yale yanavyochoma ngozi. Ndani ya kinywa yanachoma mara mbili. Jino lilikuwa limekufa ganzi kweli, lakini ufizi na nusu ya shavu la ndani vilikuwa vyeupe kama samaki aliyechemshwa. Aliponiona mimi ndiye nimeshika sindano, akakunja uso.

"Mimi nimekuja kwa Bwana Kosmas."

"Bwana Kosmas ndiye amenituma."

"Wewe huna nguvu, binti. Litakatikia humo."

Bwana Kosmas alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo. Akasema bila kugeuka, "Huyo anatwanga mtama tangu utoto wake. Wewe ulitwanga lini?"

Mkulima akafungua mdomo. Na kwa kweli gego lile lilitoka kwa namna ileile ya kutwanga, bila kuvuta kwa pupa: unalikandamiza chini kwanza, unalitikisa ndani na nje mpaka mfupa ukubali. Wanaume wengi waliofundishwa kazi hii huanza kwa kuvuta. Nasema tu.

Jambo ambalo Bwana Kosmas alilirudia kuliko yote lilikuwa la fizi. Watu walikuja kwa meno yaliyotoboka, kwa sababu jino lililotoboka hupiga kelele. Fizi hazipigi kelele. Zinavimba kidogo, zinatoka damu asubuhi mtu akisugua kwa mswaki wa mti, naye anatema, anasahau. Siku moja alinikamata mkono, akageuza kiganja changu juu.

"Ukijikwaruza mahali pakubwa kama hapa, kiganja kizima, pawe pabichi, panatoka damu na usaha, ungekaa mwaka mzima bila kupafunga?"

"Nisingekaa."

"Basi mtu mwenye fizi mbovu pande zote ana kidonda cha ukubwa huo. Kimejificha kati ya meno. Na kila akitafuna anakikanda. Unafikiri vijidudu vinakaa palepale kwa adabu?"

Hakuwa mtu wa kutia chumvi. Kulikuwa na madaktari wa zamani ambao mtu akilalamika magoti wanamng'oa meno yote, mazima na mabovu, wakidhani kila ugonjwa unatoka kinywani. Yeye aliwaona jeshini, na aliwaona na askari wao vibogoyo ambao magoti yaliendelea kuuma. "Meno mazima hayana hatia," alikuwa akisema. Lakini kwamba kinywa na mwili vina damu moja, hilo hakukubali mtu alisahau.

Mimi nililisadiki siku walipomleta mkulima mmoja wa Likawage. Ndugu zake walimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka barabarani, wakangoja lori. Jino la nyuma chini lilikuwa limemsumbua, akavumilia mavuno yaishe. Alipofika kwetu, chini ya kidevu palikuwa pagumu kama ubao, ulimi umenyanyuliwa mpaka juu, udenda unamtoka kwa kuwa hawezi kumeza, na anahema kama aliyekimbia. Bwana Kosmas alimgusa shingo mara moja tu, akanituma nimwite daktari mbio. Walimchana chini ya kidevu, wakatoa usaha, wakampa kila dawa iliyokuwepo. Mchana wa siku ya pili alifariki. Alikuwa kijana, mwenye mabega mapana ya mtu wa jembe.

Kaka yake alikaa kwenye kizingiti cha chumba chetu muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Sista, nikifika nyumbani niwaambie nini? Amekufa kwa jino?"

"Ndiyo, kaka. Kwa jino."

"Hawataniamini," akasema. Akajifuta uso, akaenda kumtayarisha ndugu yake.

Baada ya siku ile sikumuuliza tena Bwana Kosmas kwa nini tunaanza na shingo.

Alinipeleka kwenye mafunzo, nikarudi na cheti, naye akanipokea kwa kuniuliza kama nimekula. Tukaingia katika miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu waliokuwa wamekaa mbalimbali, kila familia na mikorosho yake, walihamia sehemu moja, wengine kwa hiari na wengine si kwa hiari sana. Kwa upande wa kazi yetu, tuliokuwa tukiwasubiri sasa tuliweza kuwafuata. Landrova ya hospitali ilitupeleka Kinjumbi, Pande, hata Likawage njia ilipokauka. Tulibeba sanduku la vyombo, stovu, na kiti cha kukunja. Kijiji kilitupa darasa au ghala la korosho, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa mgonjwa wa kwanza ili wengine waone. Wenyeviti wengine walipata safari za ghafla siku hiyo.

Kisha ukaja uhaba. Dawa ya meno ya dukani ikawa hadithi, miswaki ya plastiki hali kadhalika. Tukafundisha yaliyokuwepo: kijiti cha mswaki kilichotafunwa mpaka kikawa kama brashi, kusugua na fizi pia taratibu, kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Sukari nayo ilikuwa ya kugombania. Sisemi kwamba dhiki ilikuwa njema, watu waliteseka. Ila nikiwa kwenye chumba changu niliona meno ya watoto wa miaka ile, na nasema tu kwamba yalikuwa mazuri.

Bwana Kosmas alistaafu kipindi hicho, akarudi kwao kwenye milima ya Matumbi kulima machungwa. Alinikabidhi chumba na kile kioo chenye ufa. Haukupita muda mrefu nikaitwa wodi ya wanawake.

Daktari wetu wakati huo aliitwa Lukas, kijana Msukuma, mpole, mwenye kusikiliza sana. Alinikuta namwaga maji ya kuchemshia, akasema, "Sista Somoe, nahitaji macho yako. Nina mgonjwa ambaye homa yake imenishinda."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Zainabu, mwalimu wa darasa la ngumbaru kule Pande. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa binti mcheshi aliyewafundisha wazee kusoma kwa kuwatania. Sasa alikuwa amelala, mashavu yameingia ndani, macho yamekuwa makubwa. Homa ilimpanda na kushuka tangu kabla ya mvua. Alikuwa ametibiwa malaria hapa na pale, na hakuna wa kulaumiwa, maana kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine. Kila akitibiwa alipata nafuu kidogo, kisha ikarudi. Mama yake, Bi Mwajuma, alikaa chini kando ya kitanda na kikapu chake, macho hayamtoki mwanawe.

Daktari akanionyesha kucha. Chini yake mlikuwa na vistari vyembamba vyeusi, kama vibanzi vya ukuni vilivyochoma.

"Na moyo una mvumo," akasema. "Damu haipiti vizuri kwenye milango yake. Mama anasema utotoni koo lilimuuma, kisha magoti na viwiko vikavimba, akalala mwezi mzima. Nadhani ugonjwa ule uliacha kovu kwenye milango ya moyo, na sasa vijidudu vimepanda juu ya lile kovu na kuota. Nataka kujua vimeingilia wapi. Nimetazama masikio, ngozi, kifua, tumbo. Kimebaki kinywa, na kinywa ni cha kwako."

Nikavuta kiti, nikampapasa shingo. Tezi ndogo ngumu, upande wa kushoto.

"Zainabu, una jino linalokuuma?"

"Hapana, dada."

"Lilishawahi kukuuma?"

"Mwaka jana. Gego hili. Liliniuma mpaka nikagonga kichwa ukutani. Kisha likanyamaza lenyewe."

Bi Mwajuma akadakia, "Nilimpa maji ya majani, mwanangu. Likapoa kabisa. Hilo si la kulishughulikia."

Nikamwomba afungue mdomo, nikaingiza kioo. Pale palipokuwa na gego yalibaki magofu mawili ya mizizi, meusi, yamezungukwa na ufizi uliovimba. Kando yake palikuwa na kitundu kidogo kama jicho la sindano. Nikakunja shashi kidoleni, nikabonyeza. Usaha ukatoka kwenye kile kitundu bila mgonjwa hata kupepesa jicho. Jino lilinyamaza kwa sababu lilikufa. Vijidudu vilivyoliua havikufa. Vilipata nyumba isiyo na mlinzi, na kila alipotafuna muhogo baadhi yake vilisukumwa kwenye damu.

Nilimtazama Daktari Lukas, naye akainama akaona mwenyewe. Akashusha pumzi. Sitasahau furaha ya uso wake. Ilikuwa ya mtu aliyetafuta mlango kwenye giza akagusa kitasa.

"Basi lazima iwe penisilini," akasema. "Ya sindano, kila baada ya saa chache, kwa wiki nyingi. Tukiacha katikati, homa itarudi na kumwondoa."

Hapo ndipo palikuwa na kazi. Penisilini iliyokuwepo stoo isingefika mbali, na wodi ya watoto nayo ilikuwa inaisubiri. Lindi walikuwa nayo, lakini ilikuwa masika, na mto Mbwemkuru ulikuwa umejaa, magari yamelala ng'ambo zote mbili. Daktari akapeleka ujumbe kwa simu ya polisi. Dereva wetu, mtu asiyependa maneno wala maji, akaenda mpaka ukingo wa mto na kungoja.

Wakati huohuo Bi Mwajuma alikuwa amechoka. Siku ya tatu au ya nne ya sindano nilimkuta amefunga kikapu, kanga nyingine ameshamfunga mwanawe mabegani.

"Shikamoo, mama. Mnakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Tunarudi Pande. Mtoto mwili mzima umekuwa matundu, na homa bado inakuja jioni. Nimeambiwa kuna fundi, anajua mambo ya upepo, ya mashetani. Mimi sibishani na daktari, lakini homa gani inatoka kwenye jino lisilouma?"

Sikuwa na maneno makubwa ya kumwambia, na ningekuwa nayo yasingesaidia. Nikamwomba anipe dakika moja. Nikanawa, nikachukua shashi safi, nikambonyeza Zainabu ufizi palepale, nikamsogezea mama yake ile shashi.

"Nusa, mama."

Akanusa. Akarudisha kichwa nyuma, akaziba pua kwa upindo wa kanga.

"Audhubillahi! Hii imo ndani ya mwanangu?"

"Imo tangu mwaka jana. Na haikai mdomoni tu. Akitafuna, inaingia kwenye damu. Damu inakwenda moyoni. Ule ugonjwa wa magoti wa utotoni ulimwachia moyo wenye kovu, na hii inashika pale."

Aliitazama ile shashi, akamtazama mwanawe. Kisha akasimama kwa ghafla.

"Basi liondoe! Liondoe sasa hivi, nimshike kichwa mwenyewe!"

Yaani mama aliyekuwa anataka kuondoka sasa alikuwa anatafuta koleo. Ikabidi nimkalishe tena, nimweleze jambo lililo gumu zaidi: kwamba kuling'oa siku ile kungekuwa kutikisa kiota cha mavu. Kung'oa kwenyewe kunasukuma vijidudu vingi kwenye damu kwa mara moja. Lazima kwanza damu ijae dawa, moyo utulie, homa ishuke, ndipo jino litoke.

"Kwa hiyo tunakaa na uchafu tukiutazama?"

"Tunakaa nao tukiupiga kila saa, mama. Mpaka uchoke."

Zainabu akafungua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, fungua kikapu. Mimi nakaa."

Bi Mwajuma akafungua kikapu.

Dawa ilifika siku stoo ilipokuwa imebaki tupu. Wenzetu wa Lindi waliileta kwa lori mpaka ng'ambo ya kusini, wavushaji wakaivusha kwa mtumbwi, masanduku yamefunikwa turubai, na dereva wetu akaingia majini mpaka kifuani kuyapokea ingawa hakujua kuogelea. Hajawahi kulisimulia hilo. Walituambia wavushaji, miezi baadaye. Sikumbuki kama tulimshukuru ipasavyo siku ile. Tulikuwa tumeshachukua masanduku tunakimbia. Namshukuru hapa.

Wauguzi walipokezana kumchoma. Wanafunzi wake wa ngumbaru, watu wazima wenye mvi, walikuja kutoka Pande kwa zamu kumletea uji na samaki, na mmoja wao alimsomea kwa sauti tangazo la chanjo lililobandikwa ukutani, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Zainabu akamsahihisha pale aliporuka silabi. Hapo nikajua atapona. Jioni moja muuguzi alisoma kipimajoto akakikung'uta, akakirudisha tena kwapani kwa kutokiamini. Homa haikuja. Wala kesho yake.

Tulimng'oa yale magofu katikati ya dawa, baada ya sindano, Daktari Lukas akiwa amesimama ubavuni na kipimo chake cha kusikilizia moyo. Haikuwa rahisi. Mzizi mmoja ulikuja vizuri. Wa pili ulikatika, ukabaki kipande kidogo ndani ya mfupa kinachoteleza kila nikikigusa. Ningeweza kukiacha, wengi hukiacha, na mara nyingi hakidhuru. Kwa moyo ule nisingethubutu. Nilifanya kazi polepole, jasho linanidondoka, Bi Mwajuma ameshika kichwa cha mwanawe na midomo yake inasoma dua. Kipande kilipotoka kilikuwa na kijifuko cha usaha mwishoni kama punje ya mtama. Nikakiweka kwenye bakuli, kikalia "ti."

"Ndicho hicho?" Bi Mwajuma akauliza. "Hicho kidogo hivyo?"

"Ndicho."

Akaliinamia bakuli. "Mwanangu nilimzaa kwa siku mbili," akasema. "Kilitaka kunichukulia hivihivi."

Daktari Lukas aliwaambia wazi kwamba kovu la moyo litabaki, kwamba asibebe mizigo mizito, na kwamba siku yoyote akitaka kung'olewa jino au akipata uzazi, aseme kwanza ili apewe dawa kabla. Zainabu alirudi Pande akiwa mwembamba na mwenye hamu ya chaki. Nilipokwenda na Landrova miezi baadaye, nilikuta ubaoni ameandika maneno ya somo la siku: *ufizi, ukoga, usaha, moyo.* Wazee wanasoma kwa pamoja kwa sauti ya juu. Mmoja akaniona mlangoni akafunga mdomo haraka. Zainabu alizaa baadaye, alikuja mwenyewe kuomba sindano kabla, na hadi naandika haya yupo, anafundisha, bado anatania wakubwa.

Mimi nilibadilika pia. Tangu wakati huo nilianza kwenda kliniki ya wajawazito kila walipokutana. Mimba hufanya fizi kuvimba na kutoka damu, na kina mama walikuwa wameambiwa ni kawaida, kila mtoto huondoka na jino moja la mama. Niliwaambia si kawaida. Niliwasafisha ukoga uliogeuka mawe, nikawaonyesha namna ya kusugua. Wengine walicheka. Wengine walileta binti zao.

Bwana Kosmas alikuja kwangu mara moja akiwa mgonjwa. Alikuwa amekonda, ana kiu isiyoisha, na kidonda mguuni kisichopona. Daktari alimkuta na kisukari. Nilipotazama kinywa chake nikaona meno yote yanacheza. Alijua kabla sijasema: sukari inaharibu fizi, na fizi zenye usaha zinaifanya sukari isitulie. Nilimng'oa yale yasiyookoka, nikamsafisha yaliyobaki, kwa awamu, kadiri alivyoweza. Kati ya awamu hizo sukari ilianza kusikia dawa, na kidonda kikafunga. Sisemi ni kwa sababu ya fizi peke yake. Alikuwa pia ameacha chai ya sukari, jambo lililomuuma kuliko koleo. Alipoondoka mara ya mwisho alisimama mlangoni, akaniangalia akiwa na pengo mbele. "Umenifanyia taratibu," akasema. "Ahsante, mwalimu." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo, wala hakunipa nafasi ya kumjibu, alishageuka anatafuta fimbo yake. Aliishi miaka mingine mizuri na machungwa yake, Mungu amrehemu.

Katika miaka yote hiyo, kila aliyefunga safari kuja kwenye kiti changu aliletwa na maumivu. Hata wale niliowafuata vijijini, walionijia ni walioumwa. Sikuwalaumu, safari ni ndefu, shamba halisubiri, na nani aache palizi kwa kitu kisichouma.

Siku yangu ya mwisho kazini, kabla ya ile chai na maandazi, mlango uligongwa. Aliingia mama wa makamo kutoka Kinjumbi, jasho linamtoka, na nyuma yake binti yake mjamzito. Walikuwa wametoka alfajiri. Niliwakaribisha, nikampapasa binti shingo, nikamuuliza ya kuuliza.

"Ni jino gani linalouma?"

Binti akamtazama mama yake. Mama akatabasamu kwa haya, kama mtu aliyekuja bila sababu.

"Hakuna linalouma, Sista. Tumekuja tu utazame."

Nikawaomba wanisamehe kidogo, nikageukia dirishani nikajifanya natafuta kioo.